Kikombe Chenye Mstari

Tulikuwa Watanzania wanne katika chumba cha uani, Queensburgh, ugenini kusini mwa Afrika, na tulikula kwenye sinia moja. Nimekaa miji mingi tangu hapo, sijapata tena sinia kama lile.

Mkubwa wetu, aliyetupokea sote chumbani kwake, alikuwa mnene hata kuinamia sinia ilikuwa kazi. Kiwanda kimoja cha eneo la Jacobs alikofanya kibarua kilitaka kumpa ajira ya kudumu. Daktari akakataa kumpitisha kwa sababu ya presha. Akapewa miezi mitatu apungue.

Nesi alimwambia apime chakula na aandike. Kwenye sinia la watu wanne utapimaje? Akanunua kikombe cha bati, akakikwaruza mstari kwa msumari, ugali usivuke hapo. Akawa na daftari la shule. Kila Jumapili alijizungushia kamba ya katani tumboni na kupiga fundo ncha ilipofika.

"Daktari akinipitisha tu, wadogo zangu, narudi siniani," alisema, ameketi kitandani na kikombe chake. "Msinizoee huku."

"Kaka, hiyo kamba unajipimia sanda?" nikamuuliza.

Wenzangu walicheka mpaka wakapaliwa. Yeye pia alicheka.

Mafundo yakasogea. Mashavu yakaingia ndani. Siku zile kila Jumamosi palikuwa na mazishi, na waliozikwa wote tuliwaona wakikonda kwanza. Pale kituoni Warwick, tukisubiri teksi, niliwaambia wenzangu wawili, "Kaka ana ukimwi. Daftari ni geresha tu. Mtu mzima anajitenga na chombo chake, kwa nini?"

Hawakubisha. Tangu siku hiyo kikombe chake hatukukiosha pamoja na vyetu, na sabuni yake tuliihamishia dirishani. Hakuuliza. Labda alidhani tunamtunzia.

Jioni aliyopitishwa alirudi na kuku wawili wa kuchoma. Alisonga ugali mwenyewe, akapakua siniani, akaketi na kuinama bila shida.

"Karibuni. Mwenzenu nimerudi."

Akamega tonge la kwanza. Sisi tulikuwa tumeshanawa, maji yakitudondoka vidoleni.

"Mimi nimekula njiani," akasema mmoja.

"Tumbo linanisumbua, kaka," akasema wa pili.

Akanigeukia. "Na wewe, msemaji wao?"

"Kaka, si una kikombe chako?"

Alitazama kikombe, akatazama sabuni dirishani. Karatasi ya daktari ilikuwa ikichungulia mfukoni mwa shati, akaisukuma ndani. Kisha akajaza ugali mpaka mstarini, akaenda kula kitandani, ametupa mgongo.

Kuku tulimpa mbwa wa mwenye nyumba.

Jumapili alihama, akatuachia chumba. Lakini jioni ile ya kuku, alipokwenda kuoga, nilikuwa nimefungua daftari lake. Alikuwa ameandika kama kawaida, mwandiko umenyooka: Ugali, kikombe kimoja. Kuku, hakuna.