Kocha wa Timu Mbili

Kabiru aliajiriwa na chuo kimoja cha ufundi mjini Kitale kufundisha kandanda, si kitu kingine. Kandanda ndiyo aliyoijua. Aliicheza tangu utotoni kule Ndalu, ambako wazazi wake walikuwa wakulima, kisha akachezea klabu moja ya Bungoma mpaka goti likamkatalia.

Muhula wake wa kwanza haukuwa umekwisha, mwalimu wa mpira wa vikapu akapata kazi Nakuru. Mkuu wa chuo, Bi Everlyne, alimwomba Kabiru awashikie wasichana wa vikapu kwa muda tu, mtu atafutwe. Mtu hakutafutwa. Kila alipouliza, aliambiwa jambo linashughulikiwa. Miaka ikapita akitoka uwanja mmoja akikimbilia mwingine, na jioni nyumbani Matisi mkewe, Wacuka, akawa wa kusikiliza manung'uniko.

"Kama hutaki, si uwaambie," Wacuka alimwambia mara nyingi.

Hakuwaambia. Wavulana ndio waliomtesa zaidi. Kipa wake, Kipyegon, alikuwa hodari, lakini msimu wa mavuno ukifika baba yake humwita nyumbani mlimani, naye huenda bila kuaga. Washambuliaji waligombania jezi. Wasichana hawakuwa na shida hiyo. Shida yao ilikuwa mahindi. Uwanja wao ndio uliokuwa na sakafu ya saruji, kwa hiyo mavuno ya shamba la chuo yalianikwa pale pale. Nahodha wao, Chepngeno, na wenzake waliyasukuma kando kwa mbao wapate angalau kikapu kimoja cha kufanyia mazoezi. Kabiru alipolalamika ofisini, Bi Everlyne alimuuliza chuo kitakula nini yakioza. Swali hilo lilimkera kuliko mahindi yenyewe.

Mwaka jana nusu fainali zote mbili zilipangwa Jumamosi moja, kandanda Kitale na vikapu Bungoma. Aliomba moja isogezwe, akaambiwa ratiba imeshatoka. Akabaki na wavulana. Wasichana aliwaachia Bi Viola, mwalimu wa ushonaji, ambaye hakujua hata pointi huhesabiwaje.

Siku hiyo Kipyegon hakutokea. Alikuwa kwao akivuna. Kiungo mmoja akawekwa golini, na kabla ya mapumziko mechi ilikuwa kama imekwisha. Kipindi cha pili walipata penalti, washambuliaji wawili wakaung'ang'ania mpira mbele ya watu wote, na aliyeshinda ugomvi akaupiga juu ya mwamba. Kabiru aliketi kwenye nyasi, hakuinuka mpaka filimbi ya mwisho.

Basi la wasichana lilirudi jua likizama. Walishuka kimya, akajua wamefungwa. Akamuuliza Chepngeno mambo yalikwendaje.

"Tulishinda, Kocha."

"Mbona hamkunipigia simu?"

"Tulijua uko na timu yako."

Hakusema kwa ubaya. Alisema tu, kisha akachukua mfuko wa mipira akaenda zake. Baadaye Bi Viola alimsimulia Kabiru jinsi Chepngeno alivyotolewa kwa kuzidisha makosa, akasimama kando kuwaelekeza wenzake kwa maneno yale yale ya kocha wao, hata ile "miguu, jamani, miguu" yake ya kila siku. Kabiru hakupata usingizi mzuri.

Jumatatu alimwambia Bi Everlyne kwamba anaacha kandanda na kubaki na vikapu. Mkuu alidhani ni mzaha. Alimkumbusha kwamba vikapu havina mashabiki.

"Hata mimi sikuwa shabiki, Madam," Kabiru alisema. "Lakini wale wasichana ni wangu."

Kuhusu kuyahamisha mahindi, mkuu hakukubali hata kidogo. Basi Kabiru akatafuta maturubai, yeye na wasichana wakayazoa mahindi kwa makoleo na kuyahamishia uwanja wa kandanda, ambao sasa ulikuwa na nafasi kwa kuwa wavulana walikuwa wameshatolewa mashindanoni. Msimamizi wa shamba alifoka, wavulana wakafoka, Bi Everlyne akamwandikia onyo. Mazoezi yakaendelea.

Fainali walishindwa kwa kikapu kimoja. Kabiru alimkaripia refa mpaka akatolewa nje, na wasichana wakamkuta kwenye mlango wa uwanja akiwa bado anabishana na bawabu.

Chepngeno alimaliza masomo ya umeme, akapata kazi Bungoma na kujiunga na klabu ya huko. Klabu ikicheza kwenye uwanja wake wa nyumbani, Kabiru huenda kumtazama. Kocha wa klabu hiyo, mtu mpole sana, alimwendea juzi katikati ya mechi.

"Mzee," alimwambia, "tafadhali kaa upande ule mwingine. Wachezaji wangu wanakusikiliza wewe."

Kabiru alihama. Ila alimwambia kwanza kwamba walinzi wake uwanjani wamelala.