Majivu ya nyapara yalivyoharibu jenereta ya ndege, kosa akabebeshwa Yona

Wakuu, habari za humu.

Jana kijana mmoja aliuliza namna ya kusafisha vyuma vilivyopakwa aluminiamu, na nusu yenu mmemjibu atumie majivu. Damu imenichemka. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Haya niliyaona kwa macho yangu enzi za Mwingereza. Atakayesema ni chai, aendelee kunywa.

Shule niliishia darasa la tatu, Mbozi. Sikufukuzwa, miguu tu haikutulia. Nikisikia kuna kitu kinanguruma mahali, lazima niende kukiona.

Ndiyo maana niliposikia kuna ndege ndogo inapiga dawa nzige bondeni Rukwa, upande wa Ivuna, niliacha kibarua cha kuchuma kahawa Nanyala nikateremka kwa miguu. Nikapewa kazi ya kuosha vipuri.

Mwenzangu kazini alikuwa Yona, Mnamwanga wa Tunduma, nusu ya ndugu zake wako ng'ambo ya mpaka. Yeye hakuwa mzururaji kama mimi. Bwana fundi, Mzungu aliyeitunza ile ndege, alimwahidi kwamba mvua zikianza atampeleka karakana kubwa ya Mbeya akajifunze ufundi. Yona aliishi kwa ahadi hiyo. Ukimuuliza habari za kuoa, anakujibu habari za Mbeya.

Sasa nisikilizeni hapa, ndipo penye somo.

Jenereta ya ile ndege ilikuwa na mifuniko ya chuma iliyopakwa aluminiamu juu, tabaka jembamba kama ganda la kitunguu. Kazi ya tabaka hilo ni kuzuia kutu. Si urembo.

Bwana fundi alitufundisha hivi: unapangusa vumbi kwa brashi laini. Unapitisha kitambaa cha pamba chenye petroli kidogo, unakausha, unapaka mafuta mepesi. Hukwangui. Hutumii magadi wala majivu. Ukimaliza, mfuniko unabaki na rangi ya kijivu iliyofifia, na ndivyo unavyotakiwa kuwa.

Mimi kwa udadisi wangu nikauliza kwa nini majivu hapana. Bwana fundi akadondosha maji makali ya majivu kwenye kipande kibovu cha aluminiamu. Kikatoa vipovu. "Kinaliwa," akasema. Nilikirudia kukitazama mpaka akaninyang'anya.

Basi, ikaja habari kwamba Bwana Mkubwa wa kazi ya nzige anakuja kukagua kambi. Bwana fundi akaondoka kwenda kumpokea. Tukabaki na Nyapara Sichone, msimamizi wa vibarua wote.

Kwetu mnajua inavyokuwa mgeni akitarajiwa. Sufuria zote zinatolewa nje, zinasuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka ujione meno. Mama ambaye sufuria zake hazing'ai anasemwa kijiji kizima. Nyapara akaiona mifuniko yetu ya kijivu mezani.

"Nyie, hivi ndivyo mnavyoosha? Mke wangu akiwa na sufuria hizi, namrudisha kwao!"

"Awe, nyapara," Yona akakataa kwa Kinamwanga. "Hizi si sufuria. Sufuria ni aluminiamu mpaka ndani. Hizi zimepakwa tu."

"Umeanza lini kunifundisha kuosha?"

"Bwana fundi amekataza."

"Yuko wapi? Mwite basi, aje anikataze!"

Yona akakunja mikono. Na mimi nikakunja. Nyapara akavua shati, akachota majivu jikoni, akasugua mwenyewe huku anaimba. Iling'aa wakuu, sidanganyi.

Bwana Mkubwa alipofika aliinua mfuniko mmoja, akajitazama masharubu. "Safi sana! Nani amefanya?"

"Mimi, bwana! Kwa mikono yangu hii! Hawa vijana wavivu tu."

Kambi nzima ilisikia. Bwana fundi, aliyerudi naye, akautazama mfuniko, akafungua mdomo, akamtazama mkubwa wake anavyotabasamu, akaufunga. Nyapara akazawadiwa blanketi.

Ivuna ni nchi ya chumvi. Watu wanaichemsha pale tangu zamani, hata ukilamba midomo upepo ukivuma unaionja. Chuma kilichoondolewa tabaka lake hakina maisha pale. Kabla mvua hazijaanza, mifuniko ilitoka madoa mekundu, kutu ikamomonyoka ikaingia ndani. Asubuhi moja jenereta ikagoma. Ndege imekaa chini, nzige wanakula ulezi wa watu!

Bwana Mkubwa akarudi amewaka. "Nani aliosha hivi?"

"Yona, bwana," akasema nyapara. Macho makavu.

Sikuweza kuvumilia. "Nyapara, si ulisema ni mikono yako? Lile blanketi ulipewa kwa kazi gani?"

Vibarua wakaangua kicheko.

"Funga mdomo, darasa la tatu!"

Yona akamgeukia Bwana fundi. Akamtazama machoni. Na yule bwana alijua! Lakini angesema kweli, ingejulikana kwamba mkubwa wake alisifia uharibifu mbele ya watu. Akainama. "Yona ndiye mwenye kazi ya vipuri," akasema.

Mpaka leo nikikumbuka nakosa usingizi kwa hasira.

Tukafukuzwa wote wawili. Mimi sikupoteza kitu, nilikuwa nimeshaanza kuichoka ile kambi. Yona alipoteza Mbeya.

Nimeshafunga kifurushi changu, namwona amerudi mezani. Anafuta kutu kwenye mfuniko, taratibu, kitambaa na petroli, anapaka mafuta.

"Wee Yona! Unawatengenezea wa nini hawa?"

"Rubani naye alitukosea nini?" akajibu, bila kuinua kichwa. "Wakiiwasha, ni yeye atakayekuwa juu."

Akamaliza. Tukapanda mpaka Tunduma, akavuka mpaka kwenda migodini. Nilichosikia baadaye ni kwamba alikuwa anasukuma vigari vya mawe. Mtu yule!

Nilichojifunza: bosi akisifia kazi iliyoharibika, sema palepale, kabla blanketi halijatolewa. Ukingoja kutu itokee, atatafutwa Yona.

Na wewe kijana wa jana, weka majivu chini. Kitambaa laini, mkono mwepesi, na kama haking'ai kiache hivyohivyo.

Haya, uwanja wenu. Nani humu amewahi kubebeshwa kazi ya mikono ya mwingine? Na mlioshauri majivu, nawasubiri hapa hapa.