Helikopta Juu ya Cato Manor

Kwa nini Bibi alinyamaza kila helikopta ilipopita, na kwa nini macho yake yalimkimbilia mtoto kabla ya kutazama juu? Nilimaliza shahada nzima ya historia bila kuwa na jibu.

Dada yangu alikuwa amejifungua. Mama yetu tulishamzika, kwa hiyo Bibi, mama yake, ndiye aliyeletwa kutoka kwetu Newala kuja kulea huku ugenini. Walikaa mtaa wa Cato Manor. Mimi nilipanga chumba Glenwood, mtaa mwingine wa jiji hilo hilo, karibu na chuo, na wikiendi nilikwenda kula kwao.

Usichanani Bibi aliwabebea mizigo wapigania uhuru wa Msumbiji, akivuka nayo mto Ruvuma. Tulikua tukiisikia habari hiyo, na mimi sikuiamini sana. Katika vitabu nilivyosomeshwa wanaume walipigana sura nzima, kisha wanawake wakashukuriwa kwa aya moja. Nilitaka kujua ni nini kilichobaki ukiondoa sifa.

"Mlibeba nini hasa, Bibi? Au mlipika tu?"

"Tulipika. Bunduki zilikuwa na miguu, zilitembea zenyewe." Akacheka. "Mke mwenzangu, wewe ukiolewa, mume atatoroka maswali."

"Na watoto wenu mliwaacha na nani?"

Akaacha kucheka. Akainuka kwenda kutazama maharage jikoni, na maharage yalikuwa bado kwenye beseni, yamelowekwa tu.

Siku hiyo dada alinivuta uani. Alifanya kazi saluni Pinetown na likizo yake ya uzazi ilikuwa ukingoni.

"Jana helikopta ya polisi imepita, akamfunika mtoto mdomo. Kwa kiganja, hivi."

"Labda alikuwa anamfuta udenda."

"Wewe unayehoji kila kitu, leo huhoji? Nimwachie mtoto, au nisimwachie?"

"Mwachie," nikasema. Nilikuwa na sababu nzuri: kikongwe, helikopta, kelele. Hofu ya kawaida.

Juma lililofuata, dada akiwa amesharudi kazini, nilishuka kwenye taksi mchana, helikopta ikizunguka chini kabisa juu ya mapaa. Jirani yao, mama wa Kikongo, alikuwa amesimama mlangoni kwake.

"Eish, iko polisi, wanatafuta mwizi wa gari. Ingia ndani, dada!"

Niliingia. Maji yalikuwa yakichemka jikoni bila mtu. Kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu, shuka limevutwa sakafuni. Nilimwita Bibi, hakuitika. Nilimwita mtoto, kana kwamba mtoto wa miezi minne angeitika.

Walikuwa chini ya kitanda cha dada, mwisho kabisa, ukutani. Bibi alikuwa amelala ubavu, mtoto kifuani, kiganja kimeziba mdomo wake. Macho ya mtoto yalikuwa wazi, yakinitazama. Nilivuta ule mkono. Haukutoka. Ulikuwa mgumu kama mzizi.

"Nyamaza," alininong'oneza. "Wakimsikia mmoja, tumekwisha wote."

Sauti ilipokwenda mbali ndipo vidole vilipolegea, na mtoto akalia. Sijapata kufurahia kilio kama kile.

Dada alirudi jioni. Nilimweleza, maana nisingeweza kumficha. Hakupiga kelele. Alimfunga mtoto kifuani na kusema, akitazama ukuta, "Bibi, utarudi nyumbani."

Bibi alikunja khanga zake moja moja. Alipofika ya mwisho akasema, "Pua niliiacha wazi. Safari hii niliiacha wazi."

Hatukumuuliza. Hata mimi.

Miaka ikapita. Bibi alipofariki nilikwenda Newala, na baada ya mazishi alikuja kuketi nami bikizee aliyetembea naye vitani. Alinieleza pole pole, akinishika goti. Walikuwa wamejificha kwenye matete ya Ruvuma, helikopta ya Wareno juu yao, mtoto akaanza kulia mgongoni mwa Bibi. Bibi akamgeuza kifuani, akamziba. Helikopta ilipoondoka, mtoto hakuamka.

Nilidhani alikuwa mtoto wa Bibi.

"Alikuwa wangu," akasema. "Mimi nilikuwa na sanduku la risasi kichwani, akanipokea mtoto. Baadaye bibi yako alipojifungua mama yako, aliogopa hata kumshika. Nikaenda mimi, nikamwekea mikononi, nikampa jina. Lile la mwanangu."