Mvua ya Kericho, Mahindi ya Sigor

Nafundisha jiografia Kericho, na kila mwaka nachora ubaoni mchoro uleule. Mchana upepo wenye unyevu kutoka ziwani hupanda vilima, ukakutana na upepo mkavu wa mashariki juu ya majani chai, na kufikia saa tisa mvua inashuka. Hiyo, nawaambia wanafunzi, si masika. Masika huja ule upepo wa mashariki unapolegea na ukanda mzima wa mvua unapolifuata jua kuvuka ikweta. Anayekosea swali hilo namnyima alama bila huruma.

Sasa Machi moja mvua ilininyeshea siku nne mfululizo nikitoka darasani. Nikampigia mama simu kwake Sigor, ambako mvua hiyo ya ziwa haifiki ila kwa bahati.

"Mama, panda. Mvua imekuja."

"Huku imemwaga kidogo tu jana. Na moshi ya jikoni asubuhi bado inaenda upande ya ziwa. Si tungoje igeuke?"

"Hiyo ya moshi ni mambo ya zamani, mama."

"Haya, mwalimu. Wewe ndio ulisoma."

Wanasema nabii hakubaliki kwao. Mimi nilikubaliwa, na shida ilianzia hapo. Mama alipanda mbegu yake yote. Mahindi yakachipuka, kisha jua likawaka wiki tatu, yakajikunja yakafa. Wakati huo wote mimi Kericho natembea na mwavuli.

Nilipokwenda nyumbani, majirani walikuwa wamekuja kumpa mama pole. Wao hawakuwa wamepanda hata punje. Mmoja akauliza ni nani alimshauri apande mapema hivyo.

"Ni mimi tu," mama akasema. "Niliharakisha. Ni uzee."

Wakacheka kidogo, wakaahidi kumgawia mbegu. Nami, bingwa wa pepo za dunia, niliinamia kikombe nikaendelea kunywa chai iliyokwisha zamani. Mama alipanda upya moshi ulipogeuka.

Mwaka huu, Machi, akanipigia simu mwenyewe.

"Mwalimu, huko inanyesha?"

Nilikuwa nimesimama chini ya paa la ofisi ya walimu, suruali imelowa hadi magotini.

"Inanyesha sana, mama," nikamwambia. "Usipande."