Gazeti Lililoingia Ukoo wa Mrehani

Kila asubuhi, kabla hajavaa koti lake jeupe, mtunza maabara hufungua kabati la majani makavu, husimama pembeni kama anayempisha mgeni, hupiga chafya mbili, kisha husema, "Hizi naftalini zitatuponza." Hakuna anayeitikia. Miaka ishirini na sita katika chumba kile, amezoea kuongea na milango.

Mwaka ule mtoto wa dada yake alikuwa akisomea humo shahada ya pili. Alisaga majani ya mimea saba ya kabatini, akayaloweka kwenye spiriti na kuyapitisha kwenye mashine ya kutenganisha kemikali, ajue mmea upi ni ndugu wa upi. Mimea yenye kemikali moja ya urithi huenda ina babu mmoja. Siku moja akaja mbio na karatasi.

"Mama mdogo, yote saba ina kitu hiki! Hata ule wa maua ya njano tuliodhani si wa ukoo wa mrehani."

"Kitu gani?"

"Bado hatujakijua. Daktari anayenisimamia anasema ni alama ya babu yao."

"Umeyanusa hayo majani?"

"Jamani, mama mdogo! Nani ananusa siku hizi? Mashine haisemi uongo."

Sikio la kufa halisikii dawa, na pua yake nayo ilikuwa hivyohivyo. Lakini Ijumaa binti angesimama mbele ya watahini watatu, na shahada nzima ilikuwa imeegemea alama ile moja. Alhamisi mama mdogo akararua ukingo mtupu wa gazeti lililofungiwa majani kabatini, akauloweka, akaupitisha mashineni. Mstari wa alama ileile ukachomoza karatasini, mrefu kuliko yote.

"Haya, gazeti nalo ni ndugu wa mrehani. Liandikie na babu yake."

Binti akakaa sakafuni, macho kwenye vile vidonge vyeupe vya naftalini vya kufukuzia wadudu kabatini. Itabidi aombe kuongezewa miezi, achume majani mabichi, aanze upya. Daktari wake alipopigiwa simu alisema yeye alishuku tangu mwanzo. Mama mdogo akafumba macho, akahesabu hadi kumi.

"Mama mdogo," binti akasema, "kwa nini hukuniambia?"

"Nimekwambia kila asubuhi."