Ngozi Isiyopakwa Mafuta

Baba yangu, Lemburis, alitengeneza ngozi kwa miaka arobaini. Alizikwangua, akazianika, kisha akazipaka mafuta ya kondoo na kuzikanda kwa mikono mpaka zikakubali kukunjwa. Ala zake za sime zilivaliwa kote kwetu Oldonyosambu, magharibi ya Mlima Meru. Alikuwa akituambia kwamba ngozi ukiinyima mafuta inavunjika, na ukiizidishia inalegea, haifai hata kufungia mbuzi.

Saratani ilipofika kwenye mifupa nilimleta kwangu Olasiti, mjini Arusha. Aliposhindwa kumeza vidonge, hospitali ikampa dawa ya maumivu ya kubandika: plasta nyembamba inayokaa mwilini siku tatu. Muuguzi Agnela alikuja nyumbani kumbandika ya kwanza kifuani. Baba aliomba aishike kwanza. Akaikunja pole pole karibu na sikio.

"Sista, hii si plastiki? Mbona hailii?"

"Ni plastiki, mzee, lakini kiwandani wameitia kilainishi. Bila hicho ingekuwa kavu, ingepasuka ukijigeuza, na dawa isingepita vizuri kuingia mwilini. Kikizidi, nayo gundi inakuwa kama uji."

Baba akanigeukia. "Umesikia? Hao ni watu wa kazi yangu. Wametia mafuta kwa kipimo."

"Basi tukuombee ajira huko kiwandani," Agnela akasema.

"Waje wao. Mimi sipandi ndege."

Tulicheka. Ilikuwa imepita muda mrefu bila kicheko nyumbani.

Alikuwa na ombi moja tu: kushiriki Chakula cha Bwana katika kanisa la kwetu Oldonyosambu, Jumapili ya mavuno, akae kwenye benchi mpaka ibada iishe. Mchungaji alijitolea kumletea kitandani, Baba akakataa. Alisema anataka kula na watu. Nikamwahidi kwamba nitampeleka.

Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo nilikuta plasta imebanduka, imenata kwenye shuka. Maumivu yalikuwa yamerudi, naye ameuma blanketi asilie. Nilimpigia Agnela nikilalamika kwamba wametupa dawa mbovu. Alipofika alipitisha kidole kwenye kifua cha Baba, akakitazama kidole kinavyong'aa.

"Dada Namnyaki, unampaka nini?"

"Mafuta ya mgando. Asubuhi na jioni."

"Hata hapa kifuani?"

"Mwili mzima, sista. Nimwache apauke?"

Kwetu mgonjwa hapauki. Wageni wakimkuta na ngozi kama majivu, aibu ni ya anayemtunza. Tena kumpaka mafuta ndiyo kazi pekee iliyokuwa imebaki mikononi mwangu. Mengine yote yalifanywa na dawa.

"Mafuta yako yanaingia kwenye gundi," Agnela akasema. "Ina kilainishi chake tayari, wewe unaongeza. Lazima iachie."

Baba akasema kwa sauti ndogo, "Umekulia kwenye ngozi, mwanangu, na hukujifunza kitu."

Agnela alimpa dawa ya maji ya kumtuliza hadi plasta mpya ianze kazi. Aliniambia nimwoshe kifua kwa maji matupu, nikikaushe vizuri, kisha nikandamize plasta kwa kiganja. Niliikandamiza nikisali Baba Yetu, mpaka amina.

Jumamosi kifua chake kilipauka kweli.

"Kesho watasema Namnyaki ananinyima mafuta," akasema.

"Wataona shati, Baba."

Jumapili plasta ilishika, nikampeleka Oldonyosambu kwa gari. Alipokea mkate na divai akiwa ameketi, uso umetulia. Ibada ilipokwisha hakutaka kuondoka. Kwenye mnada wa sadaka alinyanyua fimbo yake, akashinda jogoo mmoja mwekundu, wazee wenzake wakamtania kwamba anarudi kuoa. Nilikuwa nimeshafungua mlango wa gari aliposema, "Namnyaki, mimi nabaki kwangu."

Nilimwambia muuguzi yuko mjini, kitanda kimetandikwa, kila kitu kiko Olasiti. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Najua. Lakini leo siumwi, kwa hiyo ni mimi ninayesema."

Nilimfundisha mdogo wangu Yiamat, anayekaa pale nyumbani, maji matupu, kitambaa kikavu, kiganja. Nikarudi mjini peke yangu.

Kila siku ya tatu nilipiga simu kuuliza kama plasta imeshika. Yiamat alijibu imeshika, kisha akampa Baba, naye akaniuliza nimekula nini. Wiki ya nne Bwana alimchukua asubuhi, akiwa kwake, bila maumivu. Namshukuru Mungu, maana hilo ndilo tuliloliomba kwa magoti, nami nimelitolea ushuhuda kanisani. Jambo moja sikulitaja. Ile siku alipochagua kubaki, nilitamani kwa muda mfupi plasta ibanduke, ili anihitaji tena. Nimeshatubu. Ila hata leo nikimaliza kuoga nakaa kitandani na kopo la mafuta mkononi, na hamu ya kumpaka mabega haijaniisha.