Amina ya Kireno

Juzi mjukuu wangu alikuwa akikariri masomo yake kwa sauti, macho ameyafumba, nikamkumbuka Filomena, binti wa Mgoa, Mhindi kutoka koloni la Wareno, mwenye duka la vitambaa pale Keroka. Mchana mmoja, nikiwa mtoto, mama alinituma nimpelekee ndizi. Duka lilinuka mafuta ya taa na kitambaa kipya cha marekani. Filomena alikuwa akitembea nyuma ya kaunta, akitamka maneno nisiyoyajua. Nilidhani anasali. Kwetu Wasabato sala ilikuwa ya magoti, basi nikapiga magoti, na kila aliponyamaza nikaitikia, “Amina!”

Alicheka mpaka akakaa chini. “Keshokutwa nina mtihani wa kusema Kireno Nairobi, mtoto, na ninaogopa sana. Endelea tu kuitikia.”

Tukaendelea mpaka duka likafungwa.

Aliporudi alinikumbatia. “Nilipomaliza kusema, nikajisahau, nikaitikia amina! Mtahini akavua miwani, akafanya ishara ya msalaba, akanipitisha.”